Siku Sitini za Mfanyakazi Aliyekataliwa Fidia

Mhadhara kwa wafanyakazi, wakulima na waajiri wa Kanyakine, Imenti Kusini



Watu wengi wanaoumia kazini huku kwetu huacha kudai fidia kabla dai lao halijakataliwa na mtu mwenye mamlaka ya kulikataa. Nyapara anamwambia kijana aliyekatwa vidole na mashine kwamba alikuwa mzembe. Karani wa kampuni ya bima anaandika mistari miwili kusema dai halitashughulikiwa. Mwenye shamba anasema huyo alikuwa kibarua wa siku, wala jina lake halimo daftarini. Kijana anarudi nyumbani na mkono wa bendeji, familia inauza mbuzi kulipia dawa, na mambo yanaishia hapo. Hao watatu wote hawana uwezo wa kisheria wa kulifunga dai lake. Wanachosema ni msimamo wa upande mmoja. Uamuzi unaohesabika ni wa Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini, na hata huo una rufaa yake.

Sheria yenyewe ni ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA. Ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008 ikachukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia, Sura ya 236, tuliyorithi kutoka kwa mkoloni. Inamlinda kila aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, mwanagenzi akiwamo. Walioachwa nje ni wanajeshi. Mkataba si lazima uwe wa maandishi. Anayechuma majani chai kwa kilo, anayepakia ndizi kwenye lori la Nairobi, anayebeba zege kwenye mjengo, anayepasua mbao, msichana wa kazi za nyumbani, kijana anayewakatia ng'ombe nyasi kwa mashine: wote ni waajiriwa maadamu kuna mtu anayewatuma kazi na kuwalipa.

Lazima tukae kidogo kwenye historia, kwa sababu ndiyo inayowapotosha watu hadi leo. Zamani aliyeumia kazini alikuwa na njia mbili. Angeweza kudai fidia ya sheria, au angemshtaki mwajiri mahakamani akithibitisha uzembe, na mawakili wengi waliijua njia hiyo ya pili kama wanavyoijua njia ya kwenda nyumbani. WIBA ikaifunga. Kifungu cha 16 kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri akidai fidia ya ajali ya kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Chama cha Mawakili nchini, LSK, kikaenda Mahakama Kuu, na tarehe 4 Machi 2009 Jaji Jackton Ojwang akatangaza kwamba vifungu kadhaa, cha 16 kikiwamo, vinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi baada ya hapo kesi za ajali za kazini ziliendelea kumiminika kwa mahakimu. Tarehe 17 Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo kwa sehemu kubwa, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha: dai la mfanyakazi aliyeumia linaanzia kwa Mkurugenzi. Kesi ambazo tayari zilikuwa mahakamani zilizua mvutano wao, hata mwaka 2023 Jaji Mkuu Martha Koome akatoa maelekezo ya jinsi ya kuzimaliza. Hizo ziko na wenyewe. Sisi tushike kwamba anayeumia leo haanzii mahakamani Nkubu. Akipeleka kesi yake huko kama watu walivyofanya zamani, itatupwa nje kwa kukosa mamlaka, hata kama jeraha lake ni la kweli na mwajiri ana makosa.

Hasara ya kupotea njia hapa ni muda. Bado husikika sokoni kwamba mtu ana miaka mitatu ya kushtaki. Huo ni muda wa madai ya kawaida ya uzembe, na kwa ajali ya kazini umeshakuwa mtego. Dai la WIBA linapelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mtu amefariki. Anayengoja mwaka wa pili akidhani bado ana wa tatu anaweza kukuta hana kitu. Sheria imeacha mlango mdogo kwa ajali iliyokwisha kuripotiwa, lakini sitamshauri mtu yeyote apange maisha yake kwa kutegemea mlango mdogo.

Kwa nini basi sheria ilimnyima mfanyakazi haki ya kushtaki? Kulikuwa na mabadilishano, na chimbuko lake ni Ujerumani ya mwaka 1884, walipoanzisha bima ya ajali za kazini. Mfanyakazi anaacha kumshtaki mwajiri wake, na badala yake analipwa bila kuulizwa nani alikosea. Hahitaji kuthibitisha kwamba mashine ilikuwa mbovu. Anahitaji kuonyesha mambo matatu tu: alikuwa mwajiriwa, aliumia, na aliumia kazini. Naona ni mabadilishano ya haki, mradi upande wa pili utimizwe. Usipotimizwa, mfanyakazi amenyang'anywa mahakama na hakupewa chochote mahali pake. Ndiyo maana rufaa ni muhimu kiasi hiki.

Sasa tuingie kwenye karatasi. Ajali ikitokea, mfanyakazi au mtu kwa niaba yake anampa mwajiri taarifa, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi nasema iwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kwa sababu maneno ya mdomo hukanwa. Mwajiri akishajua ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi, na anafanya hivyo kwa fomu. Sehemu ya kwanza anaijaza mwajiri: jina, kazi, mshahara, siku na saa ya ajali, jinsi ilivyotokea. Sehemu ya pili anaijaza daktari: jeraha ni lipi, mtu atakaa siku ngapi bila kufanya kazi, na je, atabaki na ulemavu wa kudumu, wa asilimia ngapi. Sanduku hilo la asilimia ni dogo kama kidole gumba, lakini ndilo linaloamua pesa.

Hesabu ni hivi. Ulemavu wa kudumu unalipwa kwa kuchukua mapato ya miezi 96, kisha kuzidisha kwa asilimia ya ulemavu. Mtu anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, mara 96, ni shilingi 1,440,000. Akiandikiwa asilimia 10 anapata 144,000. Akiandikiwa 20 anapata 288,000. Tofauti ya asilimia kumi kwa mtu wa kipato hicho ni karo ya mtoto sekondari kwa miaka kadhaa. Na asilimia ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni mshahara, na huko ndiko ninakoona watu wakipunjwa bila kujua. Mwajiri anaandika mshahara wa chini kuliko anaolipa, au anahesabu siku za kazi za mwezi mbaya. Overtaimu ya kila mara ni sehemu ya mapato, na thamani ya chakula au nyumba aliyokuwa akipewa mfanyakazi na mwajiri inaweza kuhesabiwa pia. Anayechuma chai kwa kilo lazima aonyeshe kilo zake. Kijitabu kile cha kupimia majani, chenye madoa ya umande na tarehe zilizoandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha, ni ushahidi wa mshahara. Usikitupe msimu ukiisha.

Kabla ya ulemavu wa kudumu kuna siku za kuuguza. Mtu aliyelazwa au kuambiwa apumzike kwa siku tatu au zaidi anastahili kulipwa mapato yake wakati huo, kwa muda usiozidi miezi 12. Gharama za matibabu zinazofaa ni za mwajiri. Aliyekufa kazini, wategemezi wake wanastahili mapato ya miezi 96 pamoja na gharama za mazishi. Haya yote ni madai tofauti, na kulipwa moja hakufuti lingine. Mwajiri aliyelipa bili ya hospitali amefanya vema. Bado hajalipa fidia.

Sababu za kukataliwa zinajulikana, na hazifiki kumi. Inayoongoza Meru ni "huyu hakuwa mwajiriwa wetu." Hapa mfanyakazi anafikiri ameshindwa kwa kuwa hana barua ya kazi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 imemtwika mwajiri wajibu wa kuandika masharti ya kazi, na asipoweza kuleta maandishi hayo, ni yeye atakayebeba mzigo wa kukanusha anachodai mfanyakazi. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda anaweza hata kuhesabiwa kuwa wa mkataba. Na siku hizi ushahidi uko mfukoni. Ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi kutoka kwa namba moja, wa kiasi kilekile, unaeleza vizuri kuliko mashahidi wawili. Chukua taarifa ya malipo kutoka kwa simu, iprinti, iweke na karatasi za hospitali.

Sababu ya pili ni kwamba ajali haikutokea kazini. Kumbuka kuwa safari ya kwenda au kutoka kazini kwa gari ambalo mwajiri ametoa kwa ajili ya kuwabeba wafanyakazi inahesabiwa kuwa kazini. Waliopanda pikapu ya shamba alfajiri ikapinduka hawakuwa matembezini. Hapa ndipo kadi ya hospitali inapookoa dai au kulizamisha. Ukifika hospitali ya Kanyakine, au popote, mwuguzi atakuuliza umeumiaje. Sema ukweli wote: nilikuwa kazini kwa fulani, nikitumia mashine fulani. Wapo wanaosema "nilianguka nyumbani" ili wasimtie bosi taabani, au kwa sababu bosi mwenyewe ndiye aliyewaleta na amesimama mlangoni. Mstari huo ukishaandikwa utawafuata mpaka mwisho.

Sababu ya tatu ni kosa la mfanyakazi mwenyewe. Uzembe wa kawaida haumnyimi mtu fidia. Hiyo ndiyo maana nzima ya mabadilishano niliyoyasema. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haufungi mlango ikiwa ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Kwa hiyo "alikuwa mzembe" si jibu, hata liandikwe kwa herufi kubwa na kupigwa mhuri.

Halafu yako mapatano ya nyumbani. Tunatoka katika watu wanaoheshimu kuketi chini ya wazee, na Njuri Ncheke, baraza letu la wazee, imetatua mengi ambayo mahakama zingeyaharibu. Lakini nimeona karatasi ambapo mtu aliyepoteza jicho ametia sahihi kwamba amepokea pesa kidogo na hatadai tena milele. WIBA inasema makubaliano ya kumfanya mfanyakazi aachilie haki zake za fidia ni batili. Wazee wanaoombwa kupatanisha jambo la namna hii wapatanishe uhusiano, wawasuluhishe watu, lakini wasishuhudie karatasi kama hiyo.

Tufike kwenye rufaa yenyewe. Mkurugenzi akishatoa uamuzi, uwe wa kukataa, uwe wa asilimia ndogo, uwe wa mshahara uliokosewa, asiyeridhika ana siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo. Kifungu ni cha 51. Pingamizi ni kwa maandishi, kwa fomu iliyowekwa, na ndani yake kuna maelezo mafupi ya mambo mawili: kilichotokea, na unachoomba. Watu huandika kurasa sita za uchungu. Uchungu ni wa kweli, lakini afisa anatafuta hoja. Andika hivi: "Napinga asilimia nane niliyopewa, kwa sababu ripoti inataja kidole kimoja, na karatasi ya upasuaji, iliyoambatishwa, inaonyesha viwili. Naomba nipimwe upya." Au: "Napinga mshahara wa shilingi 9,000 uliotumika, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, iliyoambatishwa, inaonyesha 13,500. Naomba hesabu irekebishwe." Hayo yanatosha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo asiyejua Kiingereza asitafute mtu wa kumwandikia asichokielewa. Wala huhitaji wakili kwa hatua hii, ingawa ukiwa naye mwema atakusaidia.

Ukipinga asilimia, nenda na maoni ya daktari mwingine. Kampuni ya bima ikitaka daktari wake akupime, usikatae kuonekana, kwa maana kukataa kupimwa kunaweza kukugeukia. Nenda, jibu maswali, uliza jina lake, andika tarehe.

Mkurugenzi ana siku 14 kujibu pingamizi kwa maandishi, akibadilisha au kushikilia uamuzi wake, na lazima atoe sababu. Siku zikipita kimya, andika kukumbusha. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata hatua za kiutawala zisizocheleweshwa, na sababu za maandishi pale uamuzi unapomuumiza. Jibu likija na bado hukuridhika, una siku 30 tangu ulipolipokea kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama hiyo ina kituo mjini Meru, kwa hiyo mtu wa Kanyakine hahitaji kwenda Nairobi wala Nyeri. Jaji ataangalia yaliyokuwa mbele ya Mkurugenzi. Karatasi ambayo hukuipeleka mwanzoni ni vigumu kuiingiza mwishoni, na hiyo ndiyo sababu nimetumia muda mrefu kwenye kijitabu cha kilo na kadi ya hospitali kuliko kwenye hotuba za mahakamani.

Nina malalamiko juu ya sheria hii, na nitayasema wazi. Haifai pingamizi lirudi kwa ofisi ileile iliyotoa uamuzi bila jicho jingine kulitazama. Na ubaya zaidi uko kwenye malipo. Sheria inamtaka mwajiri au kampuni ya bima kulipa ndani ya siku 90 baada ya Mkurugenzi kuwasilisha dai, na Mkurugenzi kumfikishia mfanyakazi ndani ya siku 30 baada ya kupokea pesa. Asipolipa je? Hapo sheria imenyamaza. Wafanyakazi wamelazimika kwenda Mahakama ya Ajira kuomba tathmini ya Mkurugenzi ipewe nguvu ya hukumu, na majaji hawakukubaliana juu ya uwezo wao wa kufanya hivyo. Mtu ameshinda dai lake, ana barua yenye mhuri, na bado anatafuta mlango wa kuingilia. Bunge linaweza kuondoa aibu hii kwa kifungu kimoja kinachosema tathmini isiyopingwa kwa muda uliowekwa ni amri ya mahakama. Mbunge yeyote wa Meru anaweza kuwasilisha mswada huo.

Jirani zetu Tanzania walichagua njia tofauti. Wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri wote wanauchangia na mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia analipwa na mfuko, kwa hiyo haombei mwajiri wake awe na bima au awe na moyo. Kwetu Kifungu cha 7 cha WIBA kinamtaka kila mwajiri akate bima, na wengi hawajakata. Mwajiri asiye na bima haepuki dai, analipa mwenyewe.

Hapo nawageukia nyinyi wakulima. Tukisema mwajiri, macho yanakwenda viwanda vya chai, Kinoro na Imenti. Lakini kiwanda kina ofisi, kina bima, kina mtu wa kujaza fomu. Mwenye ekari mbili za chai na ng'ombe watatu, aliyemwajiri kijana kutoka Tharaka na kumwachia mashine ya kukatia nyasi isiyo na kifuniko, naye ni mwajiri mbele ya sheria ileile. Kijana huyo akipoteza vidole vinne, anayedaiwa ni wewe, na mali yako ndiyo bima yake. Vikundi vyenu vya chai na vyama vya ushirika vya kahawa vinaweza kukata bima ya pamoja kwa wafanyakazi wa wanachama. Zungumzeni na kampuni za bima mkiwa wengi, bei hushuka. Na mashine hiyo iwekeeni kifuniko wiki hii.

Na wewe uliye na barua ya kukataliwa iliyokunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro: itoe leo usiku, tazama tarehe iliyoandikwa juu, hesabu siku. Zikiwa hazijafika sitini, panda matatu ya kwenda Meru kesho asubuhi, uingie ofisi ya usalama na afya kazini na kadi yako ya hospitali, na uombe fomu ya pingamizi. Ikiwa barua hiyo ni ya kampuni ya bima au ya mwajiri tu, na Mkurugenzi hajawahi kusema lolote, dai lako halijaamuliwa. Nenda ukalifungue kabla miezi 12 haijaisha.